"Bima ya kila kitu": uchambuzi wa dai la mafuriko katika stoo moja ya Kampala

Kuhusu kisa hiki

Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya madalali wa bima mjini Kampala, na faili hili lilifika mezani kwangu likiwa limeshaharibika. Aina ya bidhaa, mwezi na jengo nimevibadili. Fedha zote nimezipunguza kwa uwiano mmoja, kwa hiyo hesabu bado zinasimama. Mteja namwita Hajati, kama alivyoitwa na kila mtu jengoni. Mahajati wenye maduka ya jumla Kampala ni wengi mno kwa jina hilo kumfichua mtu. Kijana wetu aliyemkatia bima ni "afisa", na kampuni za bima zilizohusika ni ya kwanza na ya pili.

Nitatumia neno "broka" kwa sababu ndilo linalosemwa dukani. Dalali, kwa wengi wetu, ni yule wa viwanja na vyumba vya kupanga anayekula huku na huku. Kwa sheria broka wa bima humwakilisha mteja, tofauti na wakala, ambaye huuza kwa niaba ya kampuni ya bima. Ila ujira wa broka hutoka kwenye ada aliyolipa mteja, ukikatwa kama kamisheni ambayo mteja haioni popote. Kisa hiki chote kilizaliwa hapo.

Hajati na stoo yake

Hajati anauza vitenge na mashuka kwa jumla. Duka lake liko ghorofa ya kwanza na stoo iko chini ya ardhi, katika mojawapo ya majengo yaliyobanana bondeni katikati ya jiji, hatua chache kutoka mtaro wa Nakivubo. Kampala imekaa juu ya vilima, na vilima hivyo humwaga maji yake bondeni. Nakivubo ndio mkondo unaoyapokea na kuyapeleka kwenye ardhi oevu ya Bugolobi, kisha ziwani. Mvua kubwa huja misimu miwili, ya Machi hadi Mei na ya kuanzia Septemba hadi kuelekea mwisho wa mwaka.

Wateja wake wakubwa hutoka Beni, Butembo na Bunia, mashariki mwa Kongo, kwa hiyo lugha ya duka ni Kiswahili. Kiganda ni cha wabebaji na majirani. Kiingereza anakisikia kidogo, lakini karatasi ndefu husomewa na mwanawe.

Kwa miaka mingi hakuwa na bima yoyote ya biashara, na hakuwa peke yake: ada zote za bima zinazokusanywa Uganda kwa mwaka hazifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Kilichomleta kwetu ni moto. Soko la Owino lilipoungua mwaka 2009, mdogo wake alipoteza mtaji wote kwa usiku mmoja, na Hajati alikuwa akikisimulia kisa hicho kama cha juzi. Maji aliyaogopa kidogo tu, kama kila mtu wa bonde lile: yanaingia, yanafagiliwa nje, biashara inaendelea.

Siku ya kukata bima

Afisa wetu alimfuata dukani. Fomu ya maombi ilikuwa ya kurasa nne, ya Kiingereza, na ilijazwa juu ya meza ya kupimia vitambaa huku wateja wakiingia na kutoka. Hajati hakuandika neno. Yeye alijibu, afisa akaandika, mwisho akaweka sahihi.

Nilizungumza na wote wawili baadaye, kila mmoja kivyake, na maelezo yao yalifanana kuliko nilivyotarajia. Palipofika swali la thamani ya mali, Hajati alitazama mlangoni kwanza. Mfanyabiashara yeyote wa mjini anaielewa hofu hiyo. Aprili 2024 maduka yalifungwa Kampala kwa sababu ya mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA, na wengi waliamini, na wanaamini hadi leo, kwamba karatasi yoyote yenye thamani ya mali yako itafika URA.

"Andika 260," alisema, akimaanisha milioni.

"Hajati, mali si ni zaidi?"

"Andika hiyo hiyo, mwanangu."

Afisa akaandika, akaongeza kwamba kwa kiasi hicho ada nayo itakuwa nafuu. Hakusema kitu kingine.

Fomu iliuliza kama bidhaa zinawekwa chini ya usawa wa ardhi. Akaandika ndiyo. Ikauliza zimewekwaje. Akaandika "kwa mpangilio mzuri". Niliposoma maneno hayo mara ya kwanza nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Stoo ile marobota yamepangwa safi kweli, matatu matatu, moja juu ya jingine. Yamepangwa sakafuni.

Kabla hajaweka sahihi Hajati aliuliza, "Na maji je?"

"Maji yamo, Hajati. Hii ni bima ya kila kitu."

Jibu hilo halikuwa uongo. Mafuriko yalikuwamo kwenye mkataba, pamoja na sharti. Hati ilipotoka, wiki mbili baadaye, ilitumwa kwa barua pepe ya mwanawe. Ukurasa wa tisa ulikuwa na kifungu ambacho kwa Kiswahili kingesomeka hivi: bidhaa zote zilizohifadhiwa chini ya usawa wa ardhi ziwekwe juu ya kichanja kisichopungua sentimita 15 kutoka sakafuni, sharti hili likivunjwa, kampuni haitawajibika kwa hasara ya maji. Sharti la namna hii ni la kawaida katika bima za maghala. Kila afisa wa bima analijua, na ndiyo maana ilikuwa rahisi kusahau kwamba Hajati halijui.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho hakukiona. Ofisini tuliomba bei kwa kampuni mbili. Ya kwanza ilitaka asilimia 0.35 ya thamani, yaani shilingi 910,000 kabla ya kodi, na mkataba wake ndio huo wenye kichanja. Ya pili ilitaka asilimia 0.45, yaani 1,170,000, bila sharti la kichanja, ila mkaguzi wao aione kwanza stoo yenyewe. Hajati alionyeshwa bei moja.

Maji

Mvua ilianza usiku wa Ijumaa. Maji yaliingia kwa njia ileile wanayoshukia wabebaji na mikokoteni, yakalala ndani hadi mlango ulipofunguliwa Jumamosi saa moja na nusu asubuhi.

Afisa alipopigiwa simu alifanya jambo lililookoa nusu ya kisa hiki. Wabebaji walikuwa tayari wanatupa marobota yaliyolowa barabarani. Akamwambia Hajati awazuie. "Usitupe hata uzi. Piga picha kila kitu kilipo, kisha tenganisha makavu na mabichi." Alifika ndani ya saa moja kwa boda, akaingia majini na suruali yake ya kazi, akaomba rula ya mwanafunzi kwenye duka la vifaa vya shule. Alama ya tope ukutani ilikuwa sentimita 22. Aliipiga picha rula ikiwa imeegemezwa ukutani, sehemu nne tofauti za stoo.

Robota la kitenge likisimama kwenye maji halilowi chini tu. Pamba huyavuta maji kupanda juu, robota linalainika, linabonyea upande, na lililokaa juu yake linaanguka majini nalo. Ndivyo safu ya chini yote ilivyoharibika, na karibu safu yote ya pili. Safu ya tatu iliokolewa. Vitenge vilivyofaa kukaushwa vilianikwa juu ya paa la jengo kwa siku nne na kuuzwa kwa bei ya hasara.

Mpima hasara wa kampuni alikuja Jumanne. Alihesabu mali yote iliyokuwapo usiku ule, dukani na stoo, kuwa milioni 400, hasara milioni 120, na milioni 20 zilizopatikana kwa mali iliyookolewa. Hasara halisi ikawa milioni 100. Alipokuwa anaondoka aliinama, akapima nafasi kati ya sakafu na robota moja ambalo halijasogezwa. Hakukuwa na nafasi ya kupima.

Barua

Wiki tano baadaye kampuni ya kwanza iliandika: sharti la kichanja limevunjwa, dai limekataliwa lote. Barua ikatufikia sisi, nasi tukamtumia Hajati. Ujumbe wetu, ambao bado naukumbuka neno kwa neno, ulisema: "Tafadhali pokea barua iliyoambatishwa kwa taarifa yako." Kwa Kiingereza.

Mwanawe alimsomea. Hakutupigia simu. Alikwenda kwa wazee wa jengo, na mmoja wao akamwelekeza kwenye ofisi ya malalamiko ya Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambako mteja hupeleka lalamiko lake bila kulipa chochote. Baada ya hapo ndipo alipokuja kwetu, na mwanawe nyuma yake akiwa amebeba faili la plastiki. Hakupandisha sauti. Alimwambia afisa, "Mwanangu, uliniambia kila kitu," akakaa, akasubiri kuletewa maji ya kunywa.

Siku hiyo jioni nikapewa faili.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza wa ofisi ulikuwa kunyamaza, na haukutokana na roho mbaya. Broka Uganda analazimika kuwa na bima yake mwenyewe ya makosa ya kitaalamu, na mikataba ya bima hiyo kwa kawaida inakukataza kukiri kosa kwa mteja kabla kampuni iliyokukatia haijakubali. Bosi alisema, "Hakuna mtu kumwambia pole." Alikuwa sahihi kwa maandishi ya mkataba. Kwa siku kumi na tisa Hajati alipiga simu akaambiwa suala lake linashughulikiwa. Baadaye aliniambia kwamba siku hizo kumi na tisa zilimuuma kuliko barua ya kukataliwa, kwa kuwa barua ilitoka kwa watu asiowajua.

Niliomba tutenganishe mambo mawili. Kukiri kosa ni jambo moja. Kumweleza mteja mkataba wake unasema nini, dai lake limefika wapi na ana haki gani ni jingine, na hilo halikatazwi na mtu. Bosi akakubali, baada ya kuipigia simu kampuni yetu ya bima. Nikaenda dukani, nikamtafsiria Hajati mkataba mzima kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu. Tulichukua saa mbili na dakika kadhaa. Kwenye kichanja alinisimamisha: "Kwani hizo mbao zinauzwa wapi? Si hapo Kisenyi? Si wangeniambia ninunue?" Kichanja cha mbao cha stoo nzima kingemgharimu chini ya thamani ya robota moja.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuipinga kampuni ya kwanza kwa hesabu badala ya maombi. Hapo rula ilifanya kazi. Maji yalifika sentimita 22. Kichanja kingeinua marobota sentimita 15. Zilizobaki ni sentimita saba, na robota la kitenge lililosimama kwenye sentimita saba za maji usiku kucha ni robota lililoharibika. Kwa hiyo safu ya chini ingepotea hata kama sharti lingefuatwa. Safu ya pili ni habari nyingine: kama chini kusingelainika, pengine isingeanguka. Kwa maneno ya sharti kampuni ingeweza kushikilia kukataa lote. Lakini ilikuwa imeulizwa kwenye fomu jinsi mali ilivyowekwa, ikapewa jibu lisilo na maana, ikapokea ada bila kutuma mtu kuangalia. Mbele ya ofisi ya malalamiko, ambako pande zote tuliitwa, hoja hiyo ilikuwa na uzito.

Wa tatu ndio uliotugawa wenyewe. Je, tumwonyeshe Hajati bei ya kampuni ya pili? Hakuna aliyeiuliza, na ilikuwa kwenye faili letu tu. Mhasibu alisema tusijichomee nyumba. Mimi nilisema faili ni la mteja, na siku akili yake ikimtuma kuuliza "mliniombea bei wapi kwingine?" hatutakuwa na jibu la kumpa tukiwa tumesimama. Bosi aliondoka na faili hilo nyumbani. Asubuhi akanirudishia na karatasi ya kampuni ya pili imewekwa juu.

Matokeo

Kampuni ya kwanza ilikubali safu ya chini, yaani nusu ya hasara, milioni 50. Hapo ikaja kanuni ya wastani, ambayo nayo Hajati hakuwa ameisikia kamwe: ukikatia bima sehemu ya mali, unalipwa sehemu ya hasara. Alikata 260 kwenye mali ya 400, ambayo ni asilimia 65, kwa hiyo milioni 50 zikawa 32.5. Toa asilimia 10 ambayo kila mteja wa mkataba ule hujibebea mwenyewe, zikabaki milioni 29.25.

Ofisi yetu ikalipa nyingine kama hizo, milioni 29.25 za safu ya pili, kutoka mfukoni, kwa sababu kiasi cha kujibebea katika bima yetu kilikuwa kikubwa kuliko deni lenyewe. Tulirudisha pia kamisheni. Jumla aliyopata ni milioni 58.5, ukiacha kamisheni hiyo.

Kama angekuwa kwenye kampuni ya pili, ambayo nayo ilikuwa na asilimia 10 ileile ya kujibebea, na mali yote ya milioni 400 imekatiwa bima, angelipwa milioni 90. Pengo ni milioni 31.5. Kuliziba kabla ya mvua kungehitaji ada ya milioni 1.8 badala ya 910,000. Ukiongeza kodi ya asilimia 18 juu ya tofauti hiyo, ni shilingi milioni moja na elfu hamsini hivi.

Hajati aliweka sahihi kuyakubali malipo hayo kwa sababu msimu wa sikukuu ulikuwa unakuja na stoo ilikuwa nusu tupu. Alipomaliza aliuliza, "Na hizo 31, ni zangu au zenu?" Bosi alimwambia kwamba hajui. Nadhani alisema ukweli.

Uchambuzi

Watu wengi niliowasimulia kisa hiki hudhani wanajua kilipo kidonda: kamisheni. Nami nilidhani hivyo. Kampuni ya kwanza ilitupa asilimia 20, ya pili 15, basi tulifuata pesa. Lakini fanya hesabu. Asilimia 20 ya 910,000 ni 182,000. Asilimia 15 ya 1,170,000 ni 175,500. Tofauti ni shilingi 6,500, bei ya rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, na chai. Hakuna aliyemuuza Hajati kwa rolex mbili.

Kilichokuwapo ni kitu kisicho na rangi ya hongo. Kampuni ya kwanza ilikuwa na utaratibu wa kuwapa mabroka nyongeza mwisho wa mwaka kulingana na wingi wa biashara, na sisi tulikuwa tumebakiza kidogo kufika kiwango. Zaidi ya hapo, ilikuwa inatoa hati haraka, haikutuma mkaguzi, haikuuliza maswali. Kwa afisa mwenye faili arobaini mezani, kampuni isiyouliza maswali ni kampuni nzuri. Maslahi yalikuwa yamegongana bila mtu mmoja kujiona anakula cha mtu. Ndiyo maana nasema kumwambia mteja "tunapata asilimia fulani" peke yake kusingetosha. Angehitaji kuambiwa: tuliomba bei mbili, hii ni ghali zaidi, haina sharti la kichanja, mkaguzi atakuja, hii ni nafuu, ina sharti, na kuna nyongeza tunayopata tukipeleka kazi huko. Chagua. Dakika kumi za Kiswahili cha kawaida.

Kwenye fomu, ofisi nyingi hujaza kwa niaba ya mteja, hasa mteja asiyesoma Kiingereza. Huonekana ni huduma. Lakini bima inasimama juu ya ukweli wa yaliyoandikwa pale, na aliyeweka sahihi ndiye atakayebanwa. "Kwa mpangilio mzuri" yalikuwa maneno ya afisa yenye sahihi ya Hajati. Kama afisa angeshuka ngazi kumi na mbili kwenda stoo, angeandika "sakafuni", na kampuni ya kwanza yenyewe ingeuliza habari za kichanja kabla ya kupokea senti. Siku ya mvua alishuka na kuingia majini bila kuambiwa na mtu. Simlaumu kwa uvivu basi. Hakuna aliyemfundisha kwamba kazi ya broka huanza stoo, wala hakuna aliyempa muda.

Kuhusu zile milioni 260, hapa sikubaliani na wenzangu wengi wanaosema mteja alijidanganya mwenyewe. Kweli, alijua ana zaidi. Asichojua ni adhabu yake. Alidhani akikata 260 basi hasara yoyote chini ya 260 italipwa yote, na hivyo ndivyo angefikiri mtu yeyote mwenye akili timamu ambaye hajasoma bima. Aliyejua kanuni ya wastani pale mezani alikuwa mmoja tu, na alichosema ni kwamba ada itakuwa nafuu. Ile hofu ya mamlaka ya mapato nayo ilistahili mazungumzo. Kama stoki yake ilikuwa na ankara halali, na nyingi zilikuwa nazo, karatasi zilezile alizoziogopa ndizo zilizomthibitishia mpima hasara kwamba mali ilikuwapo. Hilo angeambiwa mapema, huenda kalamu ingeandika namba nyingine. Huenda isingeandika. Lakini angekuwa amechagua.

Yaliyofaa pia yapo. Simu ya Jumamosi asubuhi, picha, kutotupa mabichi, na rula ile. Bila alama ya sentimita 22 tusingekuwa na hoja ya safu ya chini, tungebaki kuomba huruma. Ofisi ya malalamiko ilifaa kwa sababu ilimpa Hajati mahali pa kukaa sawa na kampuni, bila wakili na bila gharama. Na kufungua faili mbele yake, pamoja na bei ya pili, kulifanya jambo ambalo mhasibu wetu hakulitarajia: aliacha kutafuta wakili. Kabla ya hapo mwanawe alikuwa ameshazungumza na mmoja.

Lililotushinda kabisa ni zile siku kumi na tisa. Barua ya kukataliwa ilifika kwetu kwanza. Broka anayemwakilisha mteja angeisoma, angeijibu kampuni siku hiyohiyo, kisha angekwenda dukani na barua mkononi na majibu mfukoni. Sisi tulikuwa tarishi.

Baada ya hapo

Ofisi ilibadili mambo machache. Hati ya kila mteja wa biashara sasa ina karatasi moja ya mbele, kwa lugha aliyoichagua mwenyewe, yenye masharti yanayoweza kumnyima malipo. Bei zote zilizoombwa zinaambatishwa. Kamisheni inaandikwa kwa shilingi, maana asilimia watu huipita bila kuisoma. Mabroka wenzetu wawili walituambia tunaharibu soko.

Mwaka uliofuata bima ya Hajati ilipokaribia kuisha, nilikwenda mimi na afisa. Tulianzia stoo. Vichanja vilikuwapo, vya mbao za Kisenyi, vya juu kuliko sharti lolote. Marobota yamekaa juu yake mawili mawili badala ya matatu. Juu dukani Hajati alitoa daftari la deni, akageuza ukurasa wa mwisho kabisa, akamkabidhi mwanawe kalamu. Afisa alisoma bei tatu. Mwanawe akaandika bei tatu. Afisa akasoma masharti, na kila sharti Hajati alimtaka alirudie kwa maneno mengine, kama mwalimu wa madrasa anavyosikiliza aya. Thamani ya mali aliitaja yeye, bila kutazama mlangoni.

Kisha akamtazama afisa. "Na wewe hapa unapata ngapi?"

Afisa akaitaja, kwa shilingi.

"Andika," Hajati akamwambia mwanawe.